Machweo ya Dunga kwa Hesabu: Vizibo, Leso na Magugumaji Kwenye Ubao Mmoja

Kazi nyingi za vifaa mchanganyiko zinazouzwa Kisumu zina kila kitu: shanga, kitambaa, vizibo, mchanga, vipande vya mabati, vyote vimebandikwa ubao mmoja. Nyingine zinakusimamisha. Nyingine zinakuchosha kabla hujamaliza kuzitazama, na mara nyingi mkono wa aliyezitengeneza hauna kasoro. Tatizo ni kwamba kila kifaa kinataka kuonekana, na hakuna aliyekiambia kianzie wapi na kiishie wapi. Kazi hiyo ya kugawa mipaka ndiyo ninayoiachia hesabu. Hesabu inasema mahali na ukubwa. Kifaa kinasema uzito, mng'ao na mguso. Na kila kifaa kinapewa kazi moja tu.

Hapa tunatengeneza kazi moja kutoka mwanzo hadi mwisho: machweo ya Ziwa Victoria yanavyoonekana ukiwa Dunga, ufuo wa Kisumu, jua limekaa juu ya maji na mafunjo yako kushoto. Hesabu yake haizidi ya darasa la nane. Kitakachokusumbua ni gundi.

Vitu vya kutafuta

Plaiwudi ya milimita 9. Hadibodi ni nafuu zaidi lakini ile nyembamba hupinda ikilowa gundi upande mmoja. Karatasi nane za A4 na chache za akiba, selotepu, penseli, uzi, rula, mkasi na msasa. Gundi nyeupe ya mbao, na gundi ya viatu, ile ya manjano wanayotumia mafundi wa kando ya barabara. Rangi nyeupe ya maji na vanishi ya maji isiyong'aa. Udongo wa aina mbili: mweusi wa nyanda za Kano na mwekundu, kama ule wa vilima vya kuelekea Maseno. Leso kuukuu moja au mbili. Vipande vya kitenge pia vinafaa, na fundi yeyote wa nguo ana gunia lake chini ya cherehani. Vizibo vya soda vinavyotumika ni 12, ila kusanya 20 kwa sababu vingine vimepindwa na kifungulio. Mkebe mmoja wa soda. Fungu la magugumaji yaliyokauka, mashina manne ya mafunjo, na nyuzi za katani.

Magugumaji usiende kuyang'oa mwenyewe. Konokono wanaoeneza kichocho hujificha humo, na viboko hawako mbali. Ufuoni Dunga wapo watu wanaosuka kwa mafunjo na kwa magugumaji. Nunua kwao yaliyokwisha kukaushwa. Ukiuziwa mabichi, kumbuka kwamba zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji: fungu la kujaza karai litabaki la kushikwa kwa kiganja kimoja. Yaanike mpaka yawe ya kahawia na yavunjike kwa sauti. Yakibandikwa na unyevu ndani yataota ukungu chini ya vanishi, na hapo hakuna dawa.

Ubao

Mwambie fundi wa mbao akukatie milimita 594 kwa 841. Sisitiza ni milimita, kwa sababu bamba zima huuzwa kwa futi, nane kwa nne, na fundi akizoea futi atakuzungushia vipimo. Bamba hilo, kama sentimita 122 kwa 244, linatoa mbao tano za ukubwa huu: nne zikipangwa mbili mbili, na ya tano kutoka kipande kinachobaki mwishoni ikigeuzwa upande. Kwa hiyo tafuteni wenzenu mchange, au uliza kama kuna masalio.

Vipimo hivyo ni vya karatasi ya A1, na nimevichagua kwa sababu moja. Ukikunja A4 katikati unapata A5, na umbo linabaki lile lile: urefu ukiugawa kwa upana bado ni 1.414, yaani kipeuo cha pili cha 2. Hakuna mstatili mwingine unaokunjwa nusu ukabaki na umbo lake. A1 ni A4 nane zilizopangwa bila pengo, safu mbili za karatasi nne nne zilizosimama wima. Maana yake kila karatasi ya A4 uliyo nayo ni rula, ni kiolezo, na ni kipimo cha pembe mraba.

Najua wapo watakaouliza kwa nini si uwiano wa dhahabu, ule ambao urefu ukiugawa kwa upana unapata 1.618. Nadhani unasifiwa kupita kiasi. Mengi yanayosemwa juu yake, kama vile kwamba Wagiriki waliupimia jengo la Parthenon kwa makusudi, hayana ushahidi wa kutosha. Isitoshe, huwezi kuingia duka la fotokopi ukauziwa karatasi ya umbo hilo. Hata hivyo utaingia kwenye kazi yetu kwa mlango wa nyuma, tukifika kwenye maji.

Kutafuta jicho la picha

Laza ubao ukiwa umelala kwa upana. Funga uzi kona ya juu kushoto, uvute hadi kona ya chini kulia. Uzi wa pili utoke kona ya juu kulia uende katikati kabisa ya ukingo wa chini. Zinapokatana, weka alama ya penseli.

Alama hiyo iko sentimita 56 kutoka kushoto na 19.8 kutoka chini, yaani theluthi mbili ya upana na theluthi moja ya kimo. Wapiga picha watatambua: ni ile kanuni yao ya theluthi. Nyuzi mbili za namna hii zitakutana kwenye theluthi katika mstatili wowote ule. Lakini katika mstatili wa umbo letu peke yake, nyuzi hizo pia hukatana kwa pembe mraba. Chukua kona ya karatasi ya A4, iweke kwenye makutano. Ikikaa sawasawa kati ya nyuzi, ubao wako umekatwa vizuri. Ukiona mwanya, fundi amekosea vipimo, na ni heri urudi kwake sasa kuliko baada ya kupaka rangi.

Hapo kwenye alama ndipo jua litakapokuwa.

Mchoro kamili kwenye karatasi

Ungeweza kuchora moja kwa moja kwenye ubao. Usifanye hivyo. Unganisha A4 zako nane kwa selotepu upande wa nyuma, safu mbili za nne nne, upate karatasi ya ukubwa wa ubao. Ukikosea unabadilisha karatasi moja.

Mstari wa kwanza umeshachorwa: ni mshono kati ya safu ya juu na safu ya chini, sentimita 29.7 kutoka chini. Juu yake kutakuwa na kitambaa. Wa pili ni upeo wa macho, pale maji yanapokutana na anga. Kunja karatasi nyingine ya A4 sehemu tatu sawa kwa urefu wake, kama unavyokunja barua ya kutia bahasha, na theluthi mbili zitakupa 19.8 bila kugusa rula. Sasa una tabaka tatu: maji 19.8 chini, ukanda mwembamba wa 9.9 katikati, na kitambaa 29.7 juu. Mbili, moja, tatu. Ule ukanda wa katikati usiujaze kitu zaidi ya rangi ya udongo na jua. Macho yanahitaji mahali pa kupumzika, na watu wengi hupaziba hapo kwa sababu wamebakiwa na shanga.

Gawanya maji kwa mikanda ya mlalo. Anzia kwenye upeo ukishuka: sentimita 1, 1, 2, 3, 5, 8. Kila nambari ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Ni mfuatano uliopewa jina la Fibonacci, Mwitalia aliyeandika kuuhusu mwaka 1202, ingawa wanazuoni wa India walikuwa wameujua kabla yake. Jumla yake ni 20 kamili, milimita mbili zaidi ya nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo mkanda wa mwisho upewe 7.8. Mikanda inapanuka kadiri inavyokukaribia, ndivyo maji yanavyoonekana ukisimama ufuoni: mawimbi ya mbali yamebanana, ya miguuni pako yametengana. Na gawanya 8 kwa 5, au 5 kwa 3: unapata 1.6 na karibu 1.67. Zote zinaukaribia uwiano wa dhahabu uliokuwa ukinidai mapema.

Mafunjo sasa. Weka alama kwenye ukingo wa chini, sentimita 8, 13, 21 na 34 kutoka kushoto. Ni mfuatano ule ule ukiendelea. Nambari inayofuata ni 55, na hapo tayari pana jua: kitovu chake kiko 56. Mtazamaji hatahesabu, lakini atahisi mashina yakiachana kwa hatua zinazokua na jicho litaruka lenyewe hadi kwenye jua.

Vimo vya mashina vichukue kwenye karatasi tena: la kwanza sentimita 42 (urefu wa A3, yaani upana wa A4 mara mbili), la pili 29.7 (urefu wa A4), la tatu 21 (upana wa A4), la nne 14.8 (upana wa A5). Kila moja ni la nyuma yake ukiligawa kwa 1.414. Refu liko kushoto, fupi linaelekea kulia. Kwa hiyo kazi nzima inaendeshwa na mambo mawili tu, kukunja nusu na kujumlisha mbili zilizotangulia, na nakuomba usiongeze la tatu mpaka tufike kwenye vizibo.

Ubao upakwe kabla ya kitu chochote

Piga msasa, futa vumbi, paka rangi nyeupe pande zote mbili na kingo. Pande zote mbili, hata ule usioonekana: mbao zikinyonya unyevu upande mmoja hupinda, na mvua za Aprili hazibishi hodi. Rangi ikikauka, laza mchoro wako juu, toboa kwa ncha ya msumari kwenye kila mwanzo na mwisho wa mstari, kisha uunganishe alama kwa penseli.

Udongo

Ponda kila udongo ukiwa mkavu, uchekeche kwa kipande cha soksi ndefu ya nailoni. Changanya vijiko viwili vya udongo na kimoja cha gundi nyeupe, kisha maji kidogo kidogo mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto. Mwekundu unakwenda kwenye ukanda wa 9.9. Paka mara mbili, mara ya pili kwa mikwaruzo ya mlalo.

Mweusi unakwenda kwenye mikanda ya maji, mmoja ndiyo na mmoja sio: ule wa pili (1), wa nne (3) na wa sita (7.8). Mikanda mingine itapata magugumaji. Udongo mweusi wa Kano unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ndiyo sababu mashamba ya kule hupasuka wakati wa kiangazi. Ubaoni utafanya vivyo hivyo. Kwa mikanda miwili ya juu ongeza mchanga mlaini nusu kijiko na upake tabaka nyembamba sana. Mkanda wa mwisho mimi huuacha upasuke. Nyufa zake zinafanana na maji yaliyosukwasukwa, na hakuna brashi inayoweza kuzichora. Ukiona zinaanza kubanduka, mwagia gundi iliyozimuliwa kwa maji na uache inyonywe.

Leso

Safu ya juu ina nafasi nne za A4. Nafasi ya kwanza kushoto inapata kipande kimoja kizima. Ya pili inapata A5 mbili, moja juu ya nyingine. Ya tatu, iliyo juu ya jua, inapata A7 nane, safu nne za mbili mbili. Ya nne inapata A6 nne. Jumla vipande 15, na vyote vitakaa bila pengo wala kisalio kwa sababu kila saizi ni nusu ya iliyotangulia. Violezo vyake huvichori: kunja A4 na ukate.

Leso ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina. Kipande kikubwa kikate kwenye mji, ambapo maua au maumbo ni mapana. A7 zikate kwenye pindo. Michoro yake ni midogo na inalingana na udogo wa kipande. Jina liepuke kabisa. Herufi zikionekana kwenye picha, mtu huanza kusoma, na akianza kusoma hatazami tena. Jua lako litakaa hapo likimsubiri.

Rangi zipangwe kwa mwanga kabla ya kupangwa kwa uzuri. Tandaza vipande vyote, vipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe. Utashangaa jinsi nyekundu kali na kijani kibichi zinavyoweza kuwa kijivu kile kile. Chenye giza zaidi kiwe kile kizima cha kushoto, na vyenye mwanga zaidi viwe zile A7 nane. Kile kizima kinahitaji utulivu kwa sababu kichwa cha funjo refu kitakaa juu yake.

Kata kila kipande kikiwa kimepungua milimita moja kila upande, ili weupe wa ubao uonekane kama uzi kati yao. Paka gundi nyeupe ubaoni, weka kitambaa, kisha paka tena juu kwa gundi iliyozimuliwa. Fukuza mapovu kwa ukingo wa kadi ya simu kuanzia katikati kwenda pembeni. Itaonekana nyeupe kama maziwa, usishtuke; ikikauka inakuwa angavu.

Magugumaji

Futa mashina kwa kitambaa chenye unyevu yalainike, yaviringishie chupa mpaka yalale bapa, na uyabandike kwa mlalo kwenye mikanda ya kwanza, ya tatu na ya tano. Panga viungo vya mashina visiangukiane, kama fundi anavyopanga matofali. Weka karatasi ya nailoni juu, kisha vitabu vizito, usiku kucha.

Hapa ndipo kifaa kinapoanza kubishana na hesabu. Mashina manne yakiwa na upana wa 1.3 yanakupa 5.2, si 5. Usiyapunguze kwa wembe. Mipaka ya mikanda inaweza kusogea milimita mbili tatu na hakuna atakayejua. Upeo wa macho na kitovu cha jua ndivyo visivyosogezwa. Wasusi wenyewe wanafanya hivi kila siku. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha Msumbiji kwa miaka mingi, aliandika sana kuhusu jiometri iliyomo kwenye ususi wa Kiafrika, na ukimtazama mama akianza kitako cha kikapu utaona: anahesabu, lakini mkono wake unasikiliza ugumu wa ukili.

Mafunjo na katani

Shina la funjo lina pande tatu. Likate, utazame ncha yake: ni pembetatu. Ndiyo maana linalala vizuri ubaoni bila kupasuliwa. Laza upande mmoja chini, ukingo uangalie juu, na utapata mstari wenye kivuli chake. Tumia sehemu ya juu ya shina, iliyo nyembamba kama penseli. Kata vimo vinne, vibandike wima kwenye alama za 8, 13, 21 na 34, na ushikilie kwa selotepu mpaka gundi ikauke.

Vichwa vitoke kwenye katani. Chora duara la karatasi, ulikunje nusu mara nne, ulikunjue: una miale 16. Mmoja ni wa shina lenyewe, 15 iliyobaki ni ya nyuzi. Kwa vichwa viwili vidogo kunja mara tatu tu, upate nyuzi saba. Urefu wa nyuzi: sentimita 7, 5, 3.5 na 2.5. Kichwa cha pili kitagusa shina la kwanza, acha yapandane. Mafunjo hayasimami kwa adabu.

Vizibo

Jua ni nusu duara la vizibo 12: safu ya vitano juu ya maji, vinne juu yake, vitatu juu kabisa. Usivipange mraba kwa mraba, kila kimoja juu ya mwenzake. Vya safu ya juu vikae kwenye mabonde ya safu ya chini. Kizibo cha katikati kilichopangwa hivyo huguswa na wenzake sita, vitovu vyao vikiunda pembetatu zenye pande sawa. Vikipangwa mraba, miduara hufunika asilimia 78.5 ya eneo. Vikipangwa hivi hufunika karibu 90.7, na hakuna mpango mwingine wa miduara sawa unaofunika zaidi. Nyuki wanaujua mpango huu kwenye masega. Kwa jua letu faida yake ni kwamba udongo mwekundu unachungulia kidogo tu, na kitu kinaonekana kimoja badala ya vitu 12.

Kizibo kina upana wa karibu sentimita 3, lakini pima vyako: panga vitano kwa mstari, tazama vinafika wapi, na ugawe. Kwa 3, safu ya chini ina upana wa 15, kuanzia 48.5 hadi 63.5, na safu moja hadi nyingine ni 2.6 (3 mara 0.866). Jua zima linapanda 8.2, kwa hiyo linaacha sentimita 1.7 chini ya kitambaa. Usiliguse pengo hilo.

Geuza vizibo, upande wenye nembo utazame ubao na meno yatazame nje. Kwanza, hutatangaza soda ya mtu. Pili, ndani kuna mng'ao, na meno yanatupa vivuli vinavyobadilika mchana ukisogea. Tatu, upande wa nembo ni bapa, na gundi hupenda bapa. Utando wa plastiki wa ndani hutoka ukiloweka kizibo kwenye maji moto. Kwaruza nembo kwa msasa, paka gundi ya viatu kwenye kizibo na ubaoni, subiri mpaka isinate kwenye kidole, ndipo ubane. Fanyia kazi hii nje. Harufu yake si ya chumbani. Anza na kizibo cha katikati cha safu ya vitano, kitovu chake kikiwa 56, ukielekea pembeni.

Anayetaka kuona kizibo kinaweza kufika wapi amtazame El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Ameunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba mpaka bati likaninginia ukutani kama nguo.

Mwanga ndani ya maji

Kivuli cha jua majini kitoke kwenye mkebe wa soda. Fungua mkebe kwa mkasi, ukiwa na glavu au kitambaa mkononi, maana ukingo wake ni wembe. Kata vipande vitatu vyenye urefu wa 15, 12 na 9, sawa na safu za vizibo vitano, vinne na vitatu zikigeuzwa kichwa chini. Unene wake uwe nusu sentimita, 1 na 2. Viweke kwenye mikanda mitatu ya udongo mweusi kwa mfuatano huo, upande wa fedha ukitazama nje. Kioo kingeviweka sawa sawa chini ya jua. Maji si kioo: sogeza cha pili sentimita moja kushoto, cha tatu sentimita moja kulia. Ni mahali pekee ninapovunja ulinganifu kwa makusudi, na bila kuvunja hapo, ziwa linageuka sakafu.

Vanishi na ukuta

Vanishi mbili nyepesi juu ya kila kitu isipokuwa vizibo na bati. Ijaribu kwanza kwenye kisalio cha leso, kwani nyingine hutia giza rangi.

Nyuma, weka vipete viwili sentimita 28 kutoka kila upande na ufunge kamba kati yao. Upande wa jua una chuma, kwa hiyo picha itataka kuinamia kulia. Sogeza kipete cha kulia nje kidogo mpaka itulie. Usiitundike mkabala na dirisha la magharibi, jua la alasiri litakula rangi za leso. Na kwa kuwa Kisumu iko hatua chache tu kusini mwa ikweta, dirisha la kaskazini huingiza jua kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha zamu inakuwa ya dirisha la kusini. Ukuta wa ndani unaotazama mlango ndio salama.

Ukitaka kuifanya na darasa

Mwalimu anaweza kuondoa plaiwudi na kutumia kadibodi nane za A4, kila kundi la wanafunzi likapata moja. Andika nambari nyuma, 1 hadi 4 safu ya juu na 5 hadi 8 safu ya chini, na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Bila mshale kuna kundi litakaloweka maji juu. Makundi ya 5 hadi 8 yapimiane mikanda kabla ya kubandika, kadibodi zao zikiwa bega kwa bega, ili maji ya mmoja yaendelee kwa jirani. Mashina ya mafunjo yasubiri mpaka vipande viunganishwe, kwa sababu refu linavuka kutoka kadibodi ya 5 hadi ya 1 na lile la 21 linasimama juu ya mshono wenyewe. Jua kwenye 56 litavuka mshono wa 63 kwa nusu sentimita na kuleta ugomvi kati ya makundi mawili. Lirudishe hadi 55, nambari ya mfuatano: litaanzia 47.5 na kuishia 62.5, lote ndani ya kadibodi ya 7.